Je, atapona? Namna waganga walivyojifunza kusoma pumzi ya mgonjwa

Kila mara ugonjwa wa mapafu unapoenea ulimwenguni, jamaa zinafika hospitalini na ulizo moja: je, mgonjwa wetu atapona? Waganga wametafuta jibu kwa zaidi ya miaka mia moja. Historia ya jibu hilo inawahusu pia wakaaji wa vijiji na wahami wa vita walio kambini, mbali na hospitali kubwa.

Mwaka wa 1918, homa iliyoitwa mafua ya Hispania iliua mamilioni ya watu. Waganga hawakuwa na chombo cha kupima hewa ndani ya damu pale kitandani. Walitazama uso. Katika hospitali za waaskari huko Ulaya na Marekani waliona kwamba mgonjwa akianza kugeuka rangi ya zambarau kwenye midomo, masikio na mashavu, mara nyingi hakupona. Alama hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilichelewa. Tena, ilielezwa kwa watu wenye ngozi nyeupe. Homa hiyo ilifika pia Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, na kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani kwa urahisi usoni. Inabidi kutazama ulimi na ndani ya midomo.

Mwaka wa 1974, injinia Mjapani Takuo Aoyagi alipata njia ya kupima oksijeni bila kutoboa mshipa: mwanga unapitishwa kwenye kidole ao sikio, na chombo kinahesabu. Ndicho kile kibanio kidogo cha kidole ambacho wengi walikifahamu wakati wa Korona. Aoyagi alifariki tarehe 18 mwezi wa nne 2020, wakati chombo chake kilikuwa kikitafutwa duniani kote.

Mwaka wa 2003, watafiti walichapisha kipimo kifupi kwa wagonjwa wa nimonia. Kilihesabu mambo matano: akili kuchanganyikiwa, urea kuzidi ndani ya damu, kupumua mbiombio, presha kushuka, na umri wa miaka 65 na zaidi. Kila jambo lilipewa alama moja. Alama zikiongezeka, hatari inaongezeka.

Kisha Korona ikaja. Kongo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Mwezi uliofuata, wataalamu waliochunguza njia mpya za kutabiri ugonjwa huo walikuwa wamekwisha kukuta 31. Waliona kwamba zote zingeweza kudanganya. Shida moja ilikuwa rahisi kuelewa: watafiti wengine walifunga hesabu wakati wagonjwa wengi walikuwa bado kitandani, hawajapona wala hawajafa.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika Uingereza. Kutoka hospitali 260 za Uingereza, Scotland na Wales, watafiti walikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 35,000, kisha wakajaribu kipimo chao kwa wengine zaidi ya 22,000. Kilichapishwa mwezi wa tisa 2020. Kinahesabu mambo manane: umri, jinsia, magonjwa mengine aliyo nayo mtu, mwendo wa pumzi, oksijeni, fahamu, na vipimo viwili vya damu. Alama zinaanzia 0 na kufika 21. Kati ya wagonjwa waliopata 3 ao chini yake, karibu 1 kwa mia alifia hospitalini. Kati ya waliopata 15 na zaidi, walikufa karibu 62 kwa mia.

Hesabu hiyo ya mwisho inatisha. Lakini inasema pia kwamba karibu watu 38 kwa mia, waliohesabiwa kuwa katika hatari kubwa kabisa, hawakufia hospitalini. Kipimo kinaeleza kundi. Hakimhukumu mtu mmoja. Kazi yake ni kuonyesha nani asisubirishwe.

Na kutosubirisha kuna maana. Tarehe 16 mwezi wa sita 2020, watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksametasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ilipunguza vifo kwa wagonjwa waliohitaji oksijeni ao mashini ya kupumulia. Kwa wale wasiohitaji oksijeni, faida haikuonekana. Kwa hiyo kumpima mgonjwa vizuri ndiko kulionyesha nani apewe dawa.

Ngozi nayo ilirudisha shida ya 1918. Mwezi wa kumi na mbili 2020, waganga wa Marekani walionyesha kwamba kibanio cha kidole kilikosa kuona upungufu mkubwa wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Namba nzuri kwenye kioo haitoshi ikiwa mgonjwa anahema.

Kuna jambo lingine ambalo kipimo cha Ulaya hakikuhesabu: mahali ambapo oksijeni yenyewe haipatikani. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, na kuchapishwa mwaka wa 2021, ulifuata wagonjwa wa Korona zaidi ya 3,000 walioingizwa katika vyumba vya mahututi. Karibu nusu, 48 kwa mia, walikufa ndani ya siku 30. Watafiti walitaja ukosefu wa vitanda na vifaa kati ya sababu. Mgonjwa mwenye alama zilezile anaweza kupona penye chupa ya oksijeni na kufa pasipokuwa nayo.

Kwa jamaa iliyo kambini, historia hii inaacha mambo machache ya kushika. Mgonjwa anayepumua mbiombio, asiyeweza kumaliza sentensi kwa sababu ya pumzi, anayechanganyikiwa, ao mwenye ulimi uliogeuka rangi, apelekwe kituo cha afya siku ileile, hata kama homa imeshuka. Mzee na mwenye kisukari ao presha wasingojewe kamwe. Na kwa wanaosimamia misaada, ulizo la jamaa lina sehemu ya pili: pale atakapofikishwa, oksijeni ipo?