Punia: Bati, Mahari na Mchumba Aliyeolewa

Kijana wa Maniema, mashariki ya Kongo, anaporudi kwao baada ya miaka ya kazi na kumkuta mchumba wake ameshakuwa mke wa mtu, lawama huwa imeshapata mwenyewe: binti hakuwa na subira. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Ukiifuata historia ya Punia, mji wa migodi ya bati ulio kaskazini ya Kindu, utaona kwamba wachumba wengi walipotezana kwa sababu kalenda mbili ziligongana: ya mwajiri na ya ukoo. Moja ilimfunga mwanamume kazini, nyingine ilimtaka binti aolewe, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa anataka nini.

Kuondoka peke yake hakukuwa jambo geni Maniema. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa iliyokuwa na makao yake Nyangwe na Kasongo ilitenganisha watu kwa maelfu. Tarehe 15 Julai 1871 msafiri David Livingstone alishuhudia soko la Nyangwe likimiminiwa risasi, na wengi wa waliouawa au kuzama katika mto Lualaba walikuwa wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Walionyakuliwa walipelekwa Ujiji, Tabora na hadi pwani, na wajukuu wa watu wa Maniema wako Kigoma, Bujumbura na Dar es Salaam mpaka leo, wakiitwa Wamanyema. Lakini mtu aliyechukuliwa na msafara kwa kawaida hakurudi. Aliyebaki nyumbani alimlia kama marehemu, na maisha yakaendelea. Mtu anayerudi akiwa hai, ana fedha mfukoni, akakuta nafasi yake imejazwa, alikuja kuwa mtu wa kawaida pale tu kazi ya mkataba ilipoingia msituni.

Ili kuelewa mgongano huo, tuanze na ndoa yenyewe. Kwa Walega, mojawapo ya makabila ya eneo hili, mahari yalikuwa safari ndefu ya mbuzi, vifaa na shanga za kombe la konokono ziitwazo musanga, zikitolewa kidogo kidogo na ukoo mzima wa mwanamume. Mali iliyoingia kwa binti haikulala ndani. Mara nyingi ilitoka tena kulipia mahari ya kaka yake, na kwa hiyo uchumba mmoja uliochelewa ulizuia ndoa nyingine nyuma yake. Katika baadhi ya makabila ya msitu kati ya Lualaba na Ituri watu walioana hata kwa kubadilishana dada, na huko kuchelewa kwa upande mmoja kuligusa nyumba mbili papo hapo. Kumngoja mchumba kulikuwa deni la ukoo wote, lenye kaka, baba na wajomba waliokuwa wakihesabu misimu.

Juu ya mfumo huo ukoloni wa Ubelgiji uliweka kodi ya kichwa iliyotakiwa kulipwa kwa fedha, na tangu 1917 kilimo cha lazima, kilichoifanya Maniema nchi ya mpunga. Kampuni ya Symétain iliyoanzishwa 1932 ilifungua migodi ya kasiteriti, yaani mawe ya bati, Kalima na Punia, na mshahara wa mgodini ukawa njia ya wazi ya kupata fedha ya kodi na ya mahari pia. Ila njia hiyo ilikuwa na mlango wa kuingilia mpana kuliko wa kutokea. Katika migodi ya Kongo mkataba wa miaka 3 ulizoeleka, na mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda aliweza kufungwa jela. Aliyetaka kukaa nje ya utawala wa chifu wake zaidi ya siku 30 alihitaji hati. Kijana aliyesikia kwamba wazee wa mchumba wake wamekaa na mgeni mwenye mbuzi hakuweza kuomba ruhusa ya wiki moja akaenda kujitetea. Vita Kuu ya Pili ilizidisha kubanwa huko: Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, washirika wa Ulaya na Marekani walipoteza chimbuko kubwa la bati, na bati ya Kongo ikahitajika kuliko wakati wowote. Mahitaji ya viwanda vya mbali yaliamua mtu wa Punia atarudi lini kwao.

Mtu atauliza: kampuni hazikuruhusu wanaume waje na wanawake wao? Ziliruhusu, na baadaye zilipendelea hivyo, kwa kuwa mfanyakazi mwenye familia alikaa zaidi. Lakini nyumba ya kampi na posho ya kila wiki vilikuwa vya mke aliyetambuliwa. Mchumba ambaye mahari yake yamelipwa nusu hakuwa mke kwa kampuni, wala mke kamili kwa ukoo wake. Hivyo sera iliyosifiwa kuwa inajali familia iliwalinda waliokwisha kuoa na kuwaacha wanaotafuta kuoa. Zaidi ya hapo, mishahara ilileta washindani. Karani, kapita (msimamizi wa kazi) au mfanyabiashara mwenye fedha taslimu aliweza kulipa kwa mara moja kile ambacho ukoo wa kijana ungelipa kwa miaka. Baba mwenye mwana wa kiume anayengoja kuoa alikuwa na sababu nzito ya kupokea.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Wengine husema kwamba maelezo haya yanamfanya mwanamke kuwa mzigo unaosukumwa, ilhali wanawake wa Maniema walijua kukataa, kutoroka na kuchagua. Ni kweli. Mahakama za wenyeji zilizopangwa kwa sheria ya 1926 zilisikiliza mashauri mengi ya ndoa na kurudishiwa mahari, na hilo peke yake linaonyesha kwamba wapo walioondoka kwa hiari yao. Lakini hiari hutumika ndani ya mazingira. Binti aliyemchagua mtu aliyepo, badala ya mtu ambaye miaka 3 haonekani, alifanya uamuzi wa busara kwa habari alizokuwa nazo. Kumwita msaliti ni kumtaka alipe gharama ya mkataba ambao hakuutia sahihi. Na wapo watakaosema moyo hauna historia. Maumivu ya mtu mmoja huenda hayana. Maumivu yanayofanana katika kila kijiji, katika miaka ileile, yana chanzo nje ya moyo.

Uhuru haukuvunja mzunguko huu. Mwaka 1976 Symétain na kampuni nyingine ziliunganishwa kuwa kampuni moja, SOMINKI, na vijana wakaendelea kufuata mshahara Punia. Mwaka 1982 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilihalalisha uchimbaji wa mikono, na Oktoba 1985 soko la bati la dunia likaanguka. Baada ya hapo kazi ya mshahara ikawa shimo lisilo na mkataba, na miaka 3 ya zamani ikageuka muda usiojulikana. Vita vilivyoanza 1996 na 1998 vilikata barabara na mito. Aliyekuwa upande mmoja wa mstari wa mapigano aliweza kudhaniwa amekufa upande wa pili, na wapo waliorudi baada ya amani ya 2003 wakakuta maisha yamepangwa upya bila wao. Simu imepunguza ukimya huo, ila mahari yanayopanda pamoja na bei ya madini bado yanamsukuma kijana kuondoka kabla ya kuoa.

Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inatambua uchumba kuwa ahadi isiyomlazimisha mtu kuoa, na inaruhusu ndoa ifungwe hata kama ni sehemu tu ya mahari iliyotolewa. Kipengele hicho cha pili ni silaha ambayo wazee wa Maniema hawajaitumia vya kutosha. Wakikubali sehemu ndogo, wakaandikisha ndoa kwa ofisa wa hali ya raia kabla kijana hajashika njia ya machimbo, deni la ukoo litabaki lakini mke atakuwa mke. Anayerudi Punia leo na kumkuta aliyempenda nyumbani kwa mwingine ana haki ya kuumia. Hana haki ya kumtukana, wala wazazi waliopandisha mahari hadi yakamfukuza hawana haki ya kumcheka.