Kushusha sampu
Chombo cha chuma kinachoshika oili chini ya injini, mafundi wetu hukiita sampu, na jina hilo nalitetea. Ukidai “bakuli la oili” kwenye duka la spea, huenda ukaletewa beseni la kumwagia oili chafu. Kitenzi chake nacho nakipenda: kushusha. Kwenye fowili nyingi, yaani magari ya four-wheel drive, difu ya mbele hukaa chini kabisa ya sampu, hivyo hata bolti zote zikitoka, sampu hukwama, maana lazima ishuke vya kutosha kulipita bomba la kufyonzea oili lililomo ndani yake. Lazima difu ishushwe kwanza, au injini iinuliwe kidogo. Ukiifanya kazi hii nyumbani, weka gari juu ya stendi imara. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.