Sotoka ya mbuzi na kondoo: dalili, kuenea na kinga

Sotoka ya mbuzi na kondoo husababishwa na virusi vilivyo na undugu na virusi vya surua ya binadamu na vya sotoka ya ng'ombe, maradhi yaliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Haiambukizi binadamu. Hata hivyo, katika kundi ambalo halijawahi kupata chanjo, huweza kuua mifugo tisa kati ya kumi, na kuiacha familia bila maziwa wala mnyama wa kuuza ili kulipa karo.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Côte d'Ivoire mwaka 1942. Katika miaka ya 2006 na 2007 ulienea Turkana nchini Kenya na Karamoja nchini Uganda. Mwaka 2008 ulithibitishwa kaskazini mwa Tanzania, na mwaka 2012 mlipuko mkubwa uliikumba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wafugaji wa mipakani hufuata malisho, maji na minada ya pande zote mbili, na virusi husafiri pamoja na mifugo yao.

Mnyama mgonjwa hupata homa kali, hutokwa na makamasi na machozi mazito, huota vidonda mdomoni, huharisha na kupumua kwa shida. Wenye mimba huweza kuitupa. Wengi hufa ndani ya siku tano hadi kumi tangu homa ianze. Maambukizi hupitia pumzi, makamasi na kinyesi, hasa mifugo inapokaribiana zizini au mnadani.

Hakuna dawa inayoua virusi hivyo. Antibiotiki husaidia tu dhidi ya maradhi nyemelezi. Kinga ya kutegemewa ni chanjo. Dozi moja humlinda mnyama kwa muda usiopungua miaka mitatu, ila ni lazima itunzwe katika ubaridi hadi inapotumika, jambo gumu maeneo yasiyo na umeme.

Mfugaji anashauriwa kuwatenga wagonjwa na wanyama wapya, kuzika au kuchoma mizoga, na kumwarifu afisa mifugo mapema. Kumkimbiza mnyama mgonjwa mnadani ili kuokoa bei yake ndiko kunakoupeleka ugonjwa kwa jirani.

Mwaka 2015, mjini Abidjan, mataifa yaliafiki mkakati wa kuitokomeza sotoka hii ifikapo 2030. Lengo hilo halitafikiwa iwapo nchi moja itachanja huku jirani yake akingoja.