Koti ya kijeshi ya baridi: asili yake, nakala zake, na hatari ya kuivaa huku kwetu

Koti ya rangi ya majani makavu, mifuko ine mbele, kola ndefu: wengi wameiona ikitoka ndani ya baloti ya mitumba. Mara nyingi inafuata mfano wa M-65, koti ya jeshi la Marekani. Lakini si kila koti ya namna hiyo ilivaliwa na askari. Nyingine ni nakala zilizoshonwa kwa ajili ya raia.

Ilitoka wapi?

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Wamarekani walileta koti M-1943. Wazo lilikuwa hili: badala ya nguo moja nzito, askari avae nguo kadhaa moja juu ya ingine. Ile ya juu inazuia upepo, za ndani zinatunza joto. Kisha ikaja M-1951, yenye zipu. Mwaka wa 1965 ikafika M-65: nusu pamba, nusu nailoni, kofia imefichwa ndani ya kola, na kitambaa cha ndani cha joto kinachofungwa kwa vifungo. Ilijulikana sana kwenye vita ya Vietnam. Mwaka wa 1976, Robert De Niro aliivaa katika filamu Taxi Driver, na vijana wakaipenda.

Nani anashona nakala?

Kampuni Alpha Industries, iliyoanza mwaka wa 1959 kule Knoxville, ilishonea jeshi, kisha ikauzia raia. Huko Japani, Buzz Rickson's inaiga koti za zamani mpaka zipu na uzi, na bei yake ni kali. Zingine zinaiga sura tu.

Namna ya kuchunguza

Usitegemee etiketi peke yake, sababu hata namba za jeshi zinaigwa. Fungua kola uone kama kofia iko. Tafuta vifungo vya kitambaa cha ndani. Weka kitambaa kwenye mdomo, puliza: kama pumzi inapita kwa urahisi, upepo wa asubuhi juu ya moto utapita pia.

Na sheria?

Hapa ndipo penye shida. Sheria ya Congo inakataza raia kuvaa mavazi ya kijeshi. Kwenye bariere, usiku, hakuna mtu atasoma etiketi yako ili ajue kama ni nakala ya Japani. Anaona rangi, anaona mabega yenye kamba za cheo. Unaweza kukamatwa, na katika maeneo yenye vita unaweza hata kupigwa risasi kwa kudhaniwa mpiganaji.

Kwa hiyo, kama unaishi kwenye baridi ya Lubero ao Minembwe na unahitaji koti hii, chagua nyeusi ao ya bluu, isiyo na madoadoa wala alama. Joto ni lilelile. Ile ya kijani, hata ikiwa bei chini, iache kwa muuzaji.