Fidia ya Utumwa na Hati za Mabwana

Fidia inapotajwa pamoja na utumwa wa Marekani, watu wengi hudhani kuwa ni dai jipya la wajukuu wa watumwa. Kumbe Serikali ya Marekani ilikwisha kulipa fidia ya utumwa katika mwaka wa 1862. Ila waliolipwa ni mabwana.

Tarehe 16 Aprili mwaka huo Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuwaacha huru watumwa wa mji mkuu, Washington, na tume ya watu watatu ikaundwa kupokea madai. Kila bwana aliyeapa kuwa mtiifu kwa Serikali alileta hati yenye jina la mtumwa wake, umri wake, umbo lake na thamani yake. Ili bei zisikosewe, tume ilimwita mfanyabiashara ya watumwa kutoka Baltimore awakadirie watu hao kwa jicho la soko. Wastani wa malipo haukuruhusiwa kuzidi dola 300 kwa kichwa. Kazi ya kuhesabu watu karibu 3,000 ikamalizika kabla ya mwaka kutimia. Aliyeachwa huru naye aliahidiwa dola zisizozidi 100, kwa sharti kwamba aihame nchi, aende Haiti, Liberia au kwingineko.

Msomaji wa pwani yetu hatastaajabu. Amri ya Sultani wa Unguja ya Aprili 1897 nayo iliwapa fidia mabwana, wala si watumwa.

Kwa walioachwa huru haraka hiyo haikuonekana. Ardhi ya eka 40 kwa kila jamaa, aliyoitenga Jenerali Sherman Januari 1865, Rais Andrew Johnson aliamuru irudishwe kwa wenyewe wa zamani mwaka huo huo. Callie House, dobi wa Nashville aliyezaliwa utumwani, aliwakusanya wazee wadai malipo ya uzeeni. Akashtakiwa kwa udanganyifu wa posta na kufungwa mwaka wa 1917. Katika mwaka wa 1989 John Conyers alipeleka bungeni mswada, si wa kulipa, bali wa kuunda tume ya kuchunguza tu. Kamati ya Bunge iliupitisha mara ya kwanza mwaka wa 2021, yaani baada ya miaka 32, na Bunge zima halikuupigia kura.

Jimbo la California halikungoja. Sheria yake ya 2020 iliunda tume ya watu tisa, ambayo ripoti yake ya 2023 ina kurasa zaidi ya 1,000. Mashindano makali yalikuwa juu ya nani astahili. Mwaka wa 2022, kwa kura 5 dhidi ya 4, waliamua kufuata nasaba.

Hapo pana fundo. Nasaba itathibitishwaje? Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa chini ya jina la bwana, kwa umri na jinsia, kwa kawaida bila majina. Wengi wao walitajwa kwa jina mara ya kwanza katika sensa ya 1870. Lakini hati za Washington, zilizoandikwa ili bwana alipwe, zina majina. Zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, na wajukuu huzifungua leo wakiwatafuta wazee wao. Pengine humkuta mama na wanawe katika hati moja, kila mmoja na bei yake.