Kanisa Moja, Imani Mbili Juu ya Meza ya Bwana



Wapendwa Taifa la Mungu, hapa Kigoma zipo nyumba ambamo mume ni Mkatoliki na mke ni Mwanglikana. Jumapili hutoka mlango mmoja, kisha huachana njiani. Wengi huuliza: je, wenzetu hao wanaamini nini juu ya Komunyo? Jibu la haki ni kwamba hawaamini wote namna moja, na historia yaeleza sababu.

Waanglikana wa Buha walilelewa katika mapokeo ya CMS, chama cha kimisionari cha Kiinjili. Dayosisi yao ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, ilianzishwa mwaka 1966. Kwao mkazo ni Neno na imani ya mpokeaji: mkate wabaki mkate, naye mwamini humpokea Kristo kiroho. Lakini Zanzibar, Masasi na Tanga zilipokea Injili kwa UMCA, chama kilichoshika mapokeo ya kale. Huko Waanglikana husema “Misa”, hufukiza ubani na kuitunza Ekaristi katika tabernakulo.

Tofauti hiyo ilizusha mgogoro mkubwa mwaka 1913. Mwezi Juni wamisionari wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika Kenya ya leo, kutafuta umoja. Mwishoni, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Komunyo katika kanisa la misioni ya Waskoti, Askofu Willis wa Uganda akiwapo. Wapresbiteri na Wamethodisti nao wakashiriki. Frank Weston, Askofu Mwanglikana wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu hao wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa ni wazushi. Jibu lilitolewa mwaka 1915: hawakuhukumiwa, ila ilishauriwa ibada ya namna ile isirudiwe. Tofauti yenyewe ikabaki.

Sisi Wakatoliki tunasadiki kwamba mkate na divai hugeuka kweli kuwa Mwili na Damu ya Kristo, kwa huduma ya padre aliyewekwa wakfu kihalali. Mwaka 1896 Papa Leo XIII alitamka kuwa daraja za Kianglikana si halali. Mwaka 1971 tume ya pamoja ilitangaza makubaliano makubwa juu ya Ekaristi, lakini mwaka 1991 Roma iliomba ufafanuzi zaidi. Ndiyo maana hatukomuniki pamoja. Si chuki, ni kukiri kwamba umoja haujakamilika, na hilo lapaswa kutuuma.

Hata hivyo, Weston ana neno kwetu. Mwaka 1920 aliandika kupinga Waafrika kulazimishwa kufanya kazi. Mwaka 1923, mjini London, aliwaonya wenzake waliotetea tabernakulo kwamba ni bure kumwabudu Yesu humo huku wakimpuuza katika maskini.

Basi ninyi mnaoachana njiani, msiachane kwa dharau. Ombeaneni. Nasi tupokeao kila Jumapili tujiulize: jirani mwenye njaa ameona nini kwetu Jumatatu?

Mungu awabariki.