Beijing ilivyosafisha hewa yake, na mzigo ulioangukia majirani

BINGWA wa mbio za masafa marefu kutoka Ethiopia, Haile Gebrselassie, alitangaza Machi 2008 kwamba hangeshiriki marathoni ya Michezo ya Olimpiki jijini Beijing, Uchina. Wakati huo yeye ndiye aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mbio hizo, lakini alikuwa akiugua pumu na alihofia kwamba hewa chafu ya jiji hilo ingemdhuru. Badala yake alikimbia mita 10,000 na kumaliza katika nafasi ya sita. Agosti 24 mwaka huo, Mkenya Samuel Wanjiru alitwaa dhahabu ya marathoni kwa muda wa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, rekodi mpya ya Olimpiki, chini ya jua kali na anga angavu.

Anga hiyo haikuwa imejisafisha yenyewe. Kuanzia Julai 20 hadi Septemba 20, magari yenye nambari za usajili zinazoishia kwa tarakimu witiri na yale ya tarakimu shufwa yaliruhusiwa barabarani kwa zamu, siku moja moja. Viwanda vya Beijing na vya mikoa jirani vilisimamishwa au vikapunguza kazi, na shughuli za ujenzi zikaahirishwa. Wageni walipoondoka, viwanda vikawashwa, magari yakarudi na moshi nao ukarejea. Kilichobaki ni amri ya kila gari kukaa nyumbani siku moja katika siku tano za kazi, amri iliyoanza Oktoba 2008.

Tangu hapo, Beijing imekuwa mfano unaotajwa kila mara panapojadiliwa iwapo jiji kubwa linaweza kurudishia wakazi wake hewa inayofaa kuvutwa. Jibu ni kwamba linaweza. Swali linaloulizwa kwa nadra ni nani aliyelipia.

Tatizo la Beijing lilianzia kwenye ardhi yenyewe. Jiji hilo, lililokuwa na takriban watu milioni 21.9 katika sensa ya 2020, liko kwenye ncha ya uwanda mpana wa kaskazini mwa Uchina. Magharibi na kaskazini limezungukwa na milima. Upepo hafifu unapovuma kutoka kusini hubeba moshi wa viwanda vya mkoa wa Hebei hadi miguuni pa milima hiyo, nao hukosa pa kutokea. Wakati wa kipupwe mambo huwa mabaya zaidi, kwani tabaka la hewa yenye joto huweza kukaa juu ya hewa baridi kama kifuniko juu ya sufuria, na kila kinachochomwa chini hubaki chini.

Na kilichochomwa kilikuwa kingi. Tangu miaka ya 1950, serikali ya Uchina iliwapa wakazi wa miji iliyo kaskazini ya Mto Huai na milima ya Qinling huduma ya kupasha nyumba joto, ilhali wa kusini waliachwa wajitafutie. Beijing, msimu wa huduma hiyo kwa kawaida huanza Novemba 15 na kumalizika Machi 15. Kwa miongo mingi joto hilo lilitoka kwenye mitambo iliyochoma makaa ya mawe. Hisani hiyo ilikuwa na bei. Mwaka wa 2013, watafiti wa Uchina, Marekani na Israeli walilinganisha pande mbili za mstari huo wakakadiria kwamba hewa ya kaskazini ilipunguza umri wa kuishi wa watu wake kwa miaka 5.5. Uchunguzi wa pili uliochapishwa 2017, kwa kutumia takwimu mpya, ulilishusha kadirio hilo hadi miaka 3.1. Hata takwimu hiyo ndogo ni kubwa mno ikizingatiwa idadi ya watu wanaohusika.

Wakazi wa Beijing walijua kwamba hewa yao ni chafu, lakini kwa muda mrefu hawakujua ni chafu kiasi gani. Idara ya mazingira ya jiji ilitangaza vipimo vya chembechembe kubwa kiasi, na kuhesabu kila mwaka "siku za anga ya buluu" ambazo idadi yake ilizidi kupanda. Mnamo 2008, Ubalozi wa Marekani ulifunga kwenye uwanja wake mtambo wa kupima chembechembe zinazojulikana kama PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi elfu mbili na mia tano ya sehemu za milioni moja za milimita, yaani ndogo mara 30 hivi kuliko unywele wa binadamu. Hizo ndizo hatari zaidi kwa kuwa hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Matokeo yalitangazwa kila saa kupitia mtandao wa Twitter, na mara nyingi yalitofautiana mno na taarifa rasmi.

Maafisa walikasirika. Juni 2012, naibu waziri wa mazingira, Wu Xiaoqing, alizitaka balozi za kigeni ziache kutangaza vipimo hivyo. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mapema mwaka huohuo, kutokana na shinikizo la wananchi, Beijing ilikuwa imeanza kuchapisha takwimu zake za PM2.5, na serikali kuu ilikuwa imeweka kiwango cha taifa cha mikrogramu 35 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka.

Kisha ikaja Januari 2013. Usiku wa tarehe 12, mtambo wa ubalozi ulisoma mikrogramu 886. Wakati huo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza wastani wa siku usizidi mikrogramu 25. Majengo marefu yalimezwa na ukungu wa rangi ya majivu, hospitali zikajaa watoto na wazee waliopumua kwa taabu, na hata vyombo vya habari vya serikali vikaandika waziwazi kuhusu janga hilo. Septemba mwaka huo, serikali ilitoa mpango wa kitaifa ulioiagiza Beijing ishushe wastani wake wa mwaka hadi mikrogramu 60 hivi kufikia 2017. Machi 2014, Waziri Mkuu Li Keqiang alitangaza mbele ya bunge vita dhidi ya uchafuzi.

Vita hivyo vilipiganwa kwa amri kutoka juu zaidi ya kwa mjadala. Mwanahabari Chai Jing, aliyewahi kufanya kazi katika runinga ya taifa, alitoa mwishoni mwa Februari 2015 filamu kuhusu moshi huo. Ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 katika siku chache, kisha ikaondolewa mitandaoni kabla ya wiki mbili kwisha. Desemba mwaka huohuo jiji lilitoa kwa mara ya kwanza tahadhari nyekundu, ya kiwango cha juu kabisa. Shule ziliagizwa zisifundishe, nusu ya magari ikazuiwa na kazi za ujenzi wa nje zikasimama.

Hatua zenye uzito hasa zilihusu makaa ya mawe. Mitambo minne mikubwa ya kuzalisha umeme kwa makaa ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho, wa kampuni ya Huaneng, ukazimwa Machi 2017. Umeme na joto vikawa vinatoka kwenye gesi asilia. Jiji lililokuwa likichoma zaidi ya tani milioni 20 za makaa kwa mwaka lilikuwa likichoma chini ya tani milioni 5 kufikia 2017. Magari nayo yalibanwa. Tangu 2011, anayetaka nambari ya usajili hana budi kuingia kwenye bahati nasibu. Nambari 240,000 zilizotolewa mwaka wa kwanza zilipunguzwa hadi 150,000 mwaka wa 2014 na 100,000 mwaka wa 2018. Wapo walioshiriki miaka nenda miaka rudi bila kufaulu. Afadhali wana reli ya chini ya ardhi. Mwaka wa 2000 ilikuwa na njia mbili tu, na leo mtandao wake una zaidi ya kilomita 800.

Takwimu zinaonyesha ushindi. Wastani wa PM2.5 ulikuwa mikrogramu 89.5 mwaka wa 2013. Ulishuka hadi 58 mwaka wa 2017, ukafika 33 mwaka wa 2021, ambapo Beijing ilitimiza kiwango cha taifa kwa mara ya kwanza, na 30.5 mwaka wa 2024. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao makuu yake Gigiri jijini Nairobi, lilitoa Machi 2019 ripoti ya miaka 20 ya juhudi za Beijing na kuisifu kama funzo kwa miji mingine. Sifa hizo zinastahili, ingawa ifahamike kwamba tangu 2021 WHO inapendekeza wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 5. Hewa ya Beijing ya 2024 bado ilikuwa chafu mara sita ya hapo. Wakati wa kiangazi, gesi ya ozoni, inayotokana na moshi ukipigwa na jua kali, ingali inasumbua. Na Machi 15, 2021, dhoruba ya vumbi kutoka Mongolia iligeuza anga ya jiji kuwa ya rangi ya chungwa, ikiwa kubwa zaidi katika muda wa miaka kumi.

Ama kuhusu gharama, mfano wa wazi ni kiwanda cha chuma cha Shougang, kilichoanzishwa 1919 magharibi mwa jiji. Uzalishaji wa chuma hapo ulikoma mwishoni mwa 2010, na sehemu yake kubwa ikahamishiwa Caofeidian, kwenye pwani ya mkoa wa Hebei. Majengo yaliyoachwa yamekuwa bustani na ofisi, na uwanja wa kuruka kwa ski katika Olimpiki ya kipupwe ya 2022 ulijengwa karibu na minara yake ya kupozea maji. Hebei, ambayo tayari ilikuwa mkoa unaoongoza Uchina kwa uzalishaji wa chuma, ilipokea kiwanda na moshi wake. Baadaye nayo ikaamriwa ipunguze, na maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vidogo wakajikuta hawana kazi.

Kipupwe cha 2017 ndicho kilichofichua ukali wa mambo. Serikali iliziagiza Beijing, Tianjin na miji mingine 26 iachane na makaa majumbani na kutumia gesi au umeme, na mamilioni ya nyumba za vijijini zikahusika. Majiko ya makaa yaling'olewa, lakini mahali pengine mabomba ya gesi yalikuwa hayajafika, na kwingine yalifika gesi ikawa haitoshi. Katika kaunti ya Quyang, Hebei, wanafunzi wa shule za msingi walilazimika kusomea nje, juani, kwa kuwa madarasa yalikuwa baridi kuliko uani. Habari zilipoenea, wizara ya mazingira iliruhusu kwa dharura maeneo yasiyo tayari yaendelee kutumia makaa. Baadaye kazi ya kuunganisha gesi ilikamilishwa, ila ruzuku iliyoifanya iweze kununulika ilipunguzwa kadiri miaka ilivyosonga, na mzee wa kijijini mwenye pensheni ndogo hana budi kuchagua kati ya joto na matumizi mengine. Hewa safi anayoichangia huvutwa pia na wakazi wa Beijing, ambao mapato yao ni makubwa kuliko yake mara nyingi.

Mwaka huohuo wa 2017, jiji lilijiwekea kikomo cha watu milioni 23. Novemba 18, moto uliteketeza jengo la makazi duni katika wilaya ya Daxing na kuua watu 19, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka mikoani. Jiji lilianzisha kampeni ya siku 40 ya kukagua majengo hatari. Usalama ulikuwa hoja ya haki, lakini utekelezaji ulikuwa wa kuwafukuza watu kwenye baridi kali, wengine wakipewa siku chache tu kuhama. Hao ndio waliokuwa wakifagia barabara, wakisambaza vifurushi na kupika katika mikahawa ya jiji. Wasomi na mawakili zaidi ya mia moja walitia saini barua ya kupinga.

Maji nayo yana hadithi inayofanana na hiyo. Tangu Desemba 2014, Beijing hupokea maji kutoka bwawa la Danjiangkou, katikati mwa Uchina, kupitia mfereji wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Hapo awali jiji lilikuwa likichota maji ya ardhini kupita kiasi hadi ardhi ikawa inadidimia. Sasa maji ya mfereji ni sehemu kubwa ya yale yanywewayo mjini, na kina cha maji ya ardhini kimekuwa kikipanda tangu 2016. Ili bwawa lipanuliwe, zaidi ya watu 300,000 wa mikoa ya Hubei na Henan walihamishwa kutoka mashamba yao. Na maji yalipozidi, njia ilikuwa ileile. Mvua kubwa za mwisho wa Julai 2023 ziliua watu 33 Beijing. Mafuriko yaliposhuka Hebei, maji yaliachiliwa kwenye maeneo yaliyotengwa kuyapokea, na mji wa Zhuozhou ukazama. Katibu wa chama tawala wa mkoa huo, Ni Yuefeng, alisema Hebei iwe handaki la kuukinga mji mkuu, kauli iliyozua hasira mitandaoni.

Mtambo wa Ubalozi wa Marekani uliokuwa chanzo cha ubishi haumo tena katika mjadala huo. Machi 2025, serikali ya Marekani ilisitisha uchapishaji wa vipimo vya hewa kutoka balozi zake kote duniani, ikitaja upungufu wa fedha. Vituo vya jiji la Beijing vingali vinatangaza PM2.5 kila saa.